Mateka wa Ngamani: Saa za Mwisho za Laconia

Wanaoukumbuka mkasa wa meli Laconia hupenda kuuanza karibu na mwisho, pale ndege ya Marekani ilipoipiga mabomu nyambizi ya Kijerumani iliyokuwa imejaa manusura na kutandaza bendera ya Msalaba Mwekundu juu ya sitaha. Si ajabu. Kisa cha adui anayeokoa watu kisha akashambuliwa akiwa katika kazi hiyohiyo kinasimulika vizuri, na mwaka 2011 BBC walikionyesha kama tamthilia ya televisheni. Lakini ukizipanga saa za mkasa ule moja baada ya nyingine, utakuta kwamba wengi wa waliokufa walikuwa wamekwisha kufa siku nne kabla ndege haijatokea. Walikuwa mateka wa Kiitaliano waliofungiwa ngamani.

Saa ninazozitaja hapa ni za daftari la nyambizi, lililofuata majira ya Ujerumani, nami nimezigeuza ziwe saa zetu. Kwenye meli yenyewe saa zilikuwa nyuma kwa kama saa mbili. Kwa hiyo msomaji akiona "saa 4 usiku", ajue kwamba abiria wa Laconia walikuwa ndio kwanza wanainuka kutoka kwenye chakula cha jioni.

Kabla ya Septemba

Nyambizi hiyo iliitwa U-156. Ilijengwa Bremen katika karakana za AG Weser na kuingia kazini Septemba 1941. Ilikuwa ya aina ya IXC, nyambizi kubwa za safari ndefu, zilizoweza kuvuka Atlantiki, kuwinda kwa wiki kadhaa na kurudi bila kuona bandari. Nahodha wake, Werner Hartenstein, alizaliwa mwaka 1908 huko Plauen, mji wa bara ulio mbali kabisa na bahari.

Safari iliyomtia sifani ilikuwa ya Karibea. Usiku wa tarehe 16 Februari 1942 aliingia karibu na kisiwa cha Aruba, ambako kulikuwa na kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta, akazipiga topido meli za mafuta zilizotia nanga. Bahari ikawaka moto. Kisha akataka kukipiga kiwanda chenyewe kwa mzinga wa sitahani, na hapo ndipo mabaharia wake walipofanya kosa la kitoto: walisahau kutoa kizibo cha mtutu, kile kinachozuia maji ya chumvi yasiingie. Kombora la kwanza likalipukia ndani ya mzinga. Baharia mmoja alikufa na ofisa mmoja akapoteza mguu. Hartenstein alimshusha Martinique, kisiwa kilichokuwa chini ya Wafaransa wa Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Ujerumani, ili apate hospitali. Mtutu uliopasuka aliamuru ukatwe kwa msumeno, na huo mzinga wa kipande akautumia tena kuzamisha meli. Mtu wa namna hiyo hakati tamaa haraka. Hadi mwisho wa maisha yake U-156 ilizamisha meli 20 hivi, na tusisahau kwamba kila moja ilikuwa na watu ndani.

Agosti 1942 aliondoka Lorient, Ufaransa, katika kundi la nyambizi lililopewa jina la Eisbär. Walikuwa wakienda Cape Town. Bahari ya Mediterania ilikuwa hatari mno kwa meli za Waingereza, kwa hiyo askari, mizinga na chakula cha kwenda Misri na India vilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupanda na pwani yetu. Mwaka uleule Kilindini ilikuwa makao ya kundi la manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi. Pigo la Cape Town lingesikika mpaka Mombasa.

Meli na waliokuwamo

Laconia ilikuwa meli ya abiria ya kampuni ya Cunard, ya karibu tani 20,000, iliyofanya safari yake ya kwanza mwaka 1922. Vita vilipoanza ilipakwa rangi ya kivita, ikafungwa mizinga, ikawa ya kubebea askari. Mwishoni mwa Julai 1942 iliondoka Suez ikielekea Uingereza kwa njia ndefu: Aden, Mombasa, Durban, Cape Town, kisha juu kupitia Atlantiki ya Kusini. Ilisafiri peke yake, bila manowari ya kuilinda.

Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 2,700. Juu walikaa mabaharia, askari wa Uingereza waliokuwa wakirudi nyumbani, na raia kama 80, wakiwamo wanawake na watoto, wengi wao familia za askari na watumishi wa serikali. Chini, ngamani, waliwekwa mateka wa Kiitaliano karibu 1,800 waliokamatwa kwenye mapigano ya Afrika Kaskazini. Walilindwa na askari 103 wa Poland wenye bunduki zilizovishwa singe. Risasi hawakuwa nazo. Jambo hili la singe bila risasi litarudi baadaye, na si kwa uzuri.

Nahodha alikuwa Rudolph Sharp. Miaka miwili nyuma, tarehe 17 Juni 1940, alikuwa nahodha wa meli Lancastria ilipozamishwa na ndege za Kijerumani karibu na Saint-Nazaire, ikafa nayo maelfu ya watu. Alinusurika, akapewa meli nyingine.

Jumamosi, 12 Septemba 1942

Asubuhi mlinzi wa U-156 aliona moshi kwenye upeo wa bahari. Hartenstein aliufuata mchana kutwa, mbali vya kutosha ili asionekane, akingoja giza. Nyambizi za wakati ule zilikuwa na mwendo mzuri zikiwa juu ya maji na mwendo wa kobe zikiwa chini. Kwa hiyo mwindaji alipendelea kukimbia juu, kuipita meli, halafu kuivizia mbele ya njia yake. Meli ile ilikuwa kubwa, ilikwenda bila taa, ilikuwa na mizinga. Kwa sheria za vita ilikuwa windo halali, na sioni haja ya kumlaumu Hartenstein kwa kuipiga. Alichokiona ni umbo jeusi na dohani. Waliomo hakuwaona.

Saa 4 na dakika 7 usiku

Topido mbili ziliipata Laconia. Zilipasua ubavu upande wa ngama, na mamia ya Waitaliano walikufa palepale, kwa mlipuko na kwa maji yaliyoingia kwa kasi. Meli ilianza kulala ubavu.

Mahali palikuwa kama maili 250 za baharini kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Ascension. Pwani ya Afrika, upande wa Liberia, ilikuwa zaidi ya maili 500.

Saa 4 na dakika 22

Chumba cha redio kilirusha ishara ya SSS, iliyomaanisha "tunashambuliwa na nyambizi", pamoja na mahali walipokuwa na jina la meli. Ilirudiwa tena na tena. Hakuna kumbukumbu kwamba kituo chochote wala meli yoyote iliisikia.

Mashua za kuokolea zilitosha watu wote, mateka nao wakihesabiwa. Haya ndiyo maelezo ambayo kila nikiyasoma hunisimamisha. Tofauti na meli nyingine maarufu iliyozama Atlantiki miaka 30 kabla yake, hapa nafasi ilikuwapo kwa kila mtu. Lakini meli ikiinama sana, mashua za upande uliopanda haziwezi kushuka. Zinakwama kwenye ubavu. Karibu nusu ya mashua hazikushushika kwa wakati. Na mateka walikuwa bado wamefungiwa.

Walivunja. Kwa mabega, kwa mbao, kwa chochote walichoshika, waliivunja milango ya ngama na vifuniko vyake. Wengine walipanda kwenye mabomba ya hewa. Walipofika sitahani walikutana na walinzi. Bunduki hazikuwa na risasi, lakini singe zilikuwapo, na manusura walisimulia kwamba zilitumika kuwazuia Waitaliano wasizifikie mashua. Kuna pia simulizi za waliopigwa risasi, pengine na wengine wenye silaha, walipoikimbilia mashua moja kwa kundi. Na waliojitupa majini wakaogelea hadi kwenye mashua zenye nafasi, baadhi walikatwa mikono kwa shoka walipoushika ukingo. Damu ikaita papa.

Najua jibu linalotolewa: kulikuwa na giza, hofu, meli inazama, na hawa walikuwa askari wa adui. Mashua iliyojaa kupita kiasi hupinduka na kuua wote. Hilo ni kweli kwa mashua iliyojaa. Kuna mashua zilizoondoka Laconia zikiwa na watu wachache.

Miongoni mwa abiria alikuwamo Doris Hawkins, muuguzi mmisionari aliyekuwa akirudi kutoka Palestina akiwa na mtoto wa kike wa miezi 14 aliyekabidhiwa ampeleke Uingereza. Katika purukushani ya kushuka walianguka baharini, na mtoto akapotea. Hawkins aliokoka, na mwaka 1943 alichapisha kijitabu kiitwacho Atlantic Torpedo. Mengi tunayoyajua kuhusu siku zilizofuata, tunayajua kwa sababu yeye aliandika. Mateka wa ngamani hawakuwa na mwandishi aliyesomwa London.

Saa 5 na dakika 23 usiku

Laconia ilizama. Nahodha Sharp alikufa nayo.

U-156 ilikuwa imepanda juu ikasogea. Hartenstein alitaka kumkamata nahodha na maofisa wakuu, kama ilivyokuwa desturi, awahoji. Akakuta bahari imejaa vichwa vya watu, na katika kelele zile mabaharia wake wakasikia watu wakiomba msaada kwa Kiitaliano. Italia ilikuwa mshirika wa Ujerumani. Walivuta wachache majini, wakawauliza, na jibu likawa baya kuliko walivyotarajia: kulikuwa na mateka wa Kiitaliano zaidi ya elfu moja ndani ya meli ile.

Kwa haki tuseme yote mawili. Wokovu ulianza kwa sababu ya lugha ya mshirika. Pengine bila kilio cha Kiitaliano Hartenstein angepata habari zake na kuondoka kabla hajaletewa balaa. Lakini alipokwisha kuanza kuvuta watu, hakuchagua. Waingereza, Wapoland, wanawake, watoto, wote walipandishwa.

Saa 7 na dakika 25, usiku wa kuamkia Jumapili

Hartenstein alituma ujumbe wa siri kwa mkuu wa nyambizi, Admirali Karl Dönitz, aliyekuwa Ufaransa. Ujumbe ni mfupi na mkavu: ameizamisha Laconia ya Uingereza, kwa bahati mbaya ilikuwa na mateka 1,500 wa Kiitaliano, mpaka sasa ameokoa 90, ana mafuta mita za ujazo 157, ana topido 19, anaomba amri. Idadi ya watu na idadi ya topido zinakaa katika sentensi zinazofuatana, kama orodha ya ghala. Ndivyo alivyofundishwa kuripoti. Lakini neno "kwa bahati mbaya" halikuwa lazima, naye aliliweka.

Dönitz aliamuru nyambizi nyingine za kundi la Eisbär zigeuze ziende kusaidia. Berlin haikupendezwa, shambulio la Cape Town lilikuwa limeandaliwa kwa miezi. Mkuu wa jeshi la maji, Admirali Raeder, akazirudisha kwenye safari yao, na badala yake zikaitwa U-506 ya Erich Würdemann, U-507 ya Harro Schacht, na nyambizi ya Italia, Comandante Cappellini. Wafaransa wa Vichy waliombwa watoe meli: manowari Gloire kutoka Dakar, na mbili ndogo, Annamite na Dumont-d'Urville.

Saa 12 asubuhi, Jumapili 13 Septemba

Hapo Hartenstein alifanya jambo ambalo nahodha wa nyambizi hafanyi. Alitangaza redioni kwa Kiingereza cha wazi, bila siri yoyote, mahali alipo. Alisema kwamba meli yoyote itakayokuja kuwasaidia watu wa Laconia hataishambulia, mradi yeye mwenyewe asishambuliwe na meli au ndege, na kwamba amekwisha kuokoa watu 193. Akamaliza kwa kujitambulisha: nyambizi ya Kijerumani.

Nyambizi huishi kwa kujificha. Kutangaza mahali ilipo ni sawa na mwizi kupiga baragumu sokoni. Waingereza walioko Freetown waliusikia ujumbe huo, wakaona ni hila ya vita, wakauacha.

Siwezi kuwacheka kwa kutouamini. Nani, katika mwaka wa nne wa vita, angemwamini? Lakini kutoamini hakuwazuii watu kuitazama habari na kuipeleka mbele kama ilivyo. Walikaa nayo siku mbili. Tarehe 15 walipowaarifu Wamarekani wa Ascension, walisema Laconia imezamishwa na kwamba meli ya Uingereza Empire Haven inakwenda kuwachukua manusura. Ujumbe uliandikwa vibaya kiasi cha kuonekana kana kwamba meli ilizama siku hiyohiyo. Haukusema kwamba Wajerumani wanaokoa watu. Haukusema kwamba meli za Kifaransa ziko njiani.

Jumapili hadi Jumanne

Siku mbili na nusu U-156 ilikaa juu ya maji. Nyambizi iliyoundwa kwa ajili ya watu 50 na ushee ilibeba karibu 200, ndani na juu, wakiwamo wanawake watano. Nyuma yake ilikokota mashua nne zenye watu wengine 200. Mabaharia waliwapisha wanawake vitandani mwao, wakagawa supu, mkate na chai ya moto. Hartenstein alizunguka akizikusanya mashua zilizotawanyika, akihamisha watu kutoka zilizojaa kwenda zenye nafasi, akazigawia maji. Kazi hiyo ya kusawazisha watu katika mashua ndiyo ile ambayo haikufanyika usiku wa Jumamosi.

Jumanne tarehe 15, saa 5 na nusu asubuhi, U-506 ilifika. Baada ya saa chache zikaja U-507 na Cappellini. Huyu Schacht wa U-507 mwezi mmoja kabla alikuwa amezamisha meli za Brazili mfululizo pwani kwao, hata Brazili ikatangaza vita tarehe 22 Agosti. Sasa alikuwa akigawa supu. Nyambizi nne, kila moja ikiwa na mamia ya watu mgongoni na kamba za mashua nyuma, zilianza kwenda polepole kuzilaki meli za Kifaransa. Usiku zikapoteana.

Saa 5 na dakika 25 asubuhi, Jumatano 16 Septemba

Ndege ya Marekani aina ya B-24 Liberator iliiona U-156. Ilitoka Ascension, ambako wahandisi wa jeshi la Marekani walikuwa wamemaliza miezi michache tu nyuma kujenga uwanja wa siri wa ndege, kituo cha mafuta kwa ndege zinazovuka kutoka Brazili kuja Afrika. Wajerumani hawakujua kama uwanja huo upo.

Bendera kubwa ya Msalaba Mwekundu ilikuwa imetandazwa juu ya sitaha. Hartenstein aliamuru ndege ipelekewe ishara za taa. Ofisa mmoja wa jeshi la anga la Uingereza, aliyekuwa miongoni mwa manusura, aliomba naye atume ujumbe, akaruhusiwa. Alieleza kwamba anazungumza kutoka kwenye nyambizi ya Kijerumani, na kwamba juu yake wamo watu wa Laconia: askari, raia, wanawake, watoto.

Rubani, Luteni James D. Harden, hakujibu. Alijitenga, akauliza kituoni afanye nini. Ofisa aliyekuwa zamu, Robert C. Richardson wa Tatu, alimwamuru aizamishe nyambizi.

Baadaye Richardson alisema hakujua kwamba kulikuwa na shughuli ya uokoaji iliyokubaliwa na pande nyingine. Hilo laweza kuwa kweli, tukiukumbuka ujumbe wa Freetown. Alikuwa pia na kisiwa cha kulinda: matangi ya mafuta, uwanja wa ndege, na meli za Waingereza zinazokaribia, zote zikiwa karibu na nyambizi za adui. Lakini Harden aliiona bendera, aliziona mashua, aliwaona watu. Swali lake kwa kituo lilitokana na kuona huko. Jibu lilitoka kwa mtu asiyeona chochote.

Saa 6 na dakika 32 mchana

Ndege ilirudi ikashambulia. Bomu moja liliangukia katikati ya mashua zilizokuwa zikikokotwa, likaua makumi ya watu waliokuwa wameokoka kuzama, papa na siku tatu za jua. Mengine yaliangukia kandokando ya nyambizi na kuidhuru kidogo. Hartenstein aliamuru kamba zikatwe, manusura waingie majini, kisha akazamisha nyambizi taratibu ili waliokuwa sitahani wapate nafasi ya kujitenga nayo. Wafanyakazi wa ndege waliripoti kwamba wameizamisha, wakapewa nishani. Walichokuwa wamezamisha ni mashua mbili.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba hesabu ya namna hii ilikuwa ya Atlantiki peke yake. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27, ikazama ndani ya dakika chache. Ndani yake walikuwamo askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wauguzi na wanamaji. Karibu watu 1,300 walikufa. Manowari za Uingereza zilizokuwa zikilinda msafara zilitupa mabomu ya chini ya maji kuiwinda nyambizi hiyo huku manusura wakiwa bado wanaelea hapohapo. Askari wetu walikufa chini ya hoja ileile: nyambizi kwanza, watu baadaye. Tofauti ni kwamba I-27 ilikuwa bado inapigana, na U-156 ilikuwa inagawa maji ya kunywa.

Alhamisi, 17 Septemba

Siku hiyo ndege iliishambulia pia U-506, ikiwa na watu 151 ndani yake, wakiwamo wanawake na watoto. Iliwahi kupiga mbizi pamoja nao. Gloire ilifika na kuanza kuokota watu. Annamite na Dumont-d'Urville nazo zilipokea manusura. Waingereza waliopandishwa meli za Kifaransa walipelekwa Morocco na kuzuiliwa kambini mpaka majeshi ya Marekani na Uingereza yaliposhuka huko mwezi Novemba.

Siku hiyohiyo mambo mawili yalitoka kwa makamanda wa Ujerumani. Hartenstein alipewa nishani ya Msalaba wa Shujaa. Na Dönitz alitoa amri iliyokuja kuitwa Amri ya Laconia: kuanzia sasa nyambizi zisijaribu kuokoa watu wa meli zilizozamishwa, zisivute mtu majini, zisiziinue mashua zilizopinduka, zisitoe chakula wala maji.

Mashua mbili hazikungoja Wafaransa, zikaelekea Afrika. Moja ilianza na watu 68, akiwamo Doris Hawkins. Ilifika Liberia baada ya siku 27 ikiwa na watu 16 walio hai. Ya pili, yenye watu zaidi ya 50, ilikutwa na meli ndogo ya Uingereza baada ya siku 40. Walikuwa wamebaki wanne.

Baadaye

Amri ya Laconia haikukawia kufanya kazi, na ilifanya kazi kwenye maji yetu ya jirani. Tarehe 28 Novemba 1942 nyambizi U-177 iliizamisha meli ya Uingereza Nova Scotia karibu na pwani ya Natal. Ilikuwa ikitoka Massawa, Eritrea, na ilibeba mamia ya Waitaliano waliokamatwa baada ya kuanguka kwa utawala wa Italia katika Pembe ya Afrika. Waitaliano tena. Nahodha wa U-177 alivuta watu wawili majini, akagundua ni akina nani, akaripoti. Akajibiwa aendelee na safari. Wajerumani waliwaarifu Wareno, na manowari ya Kireno ilitoka Lourenço Marques, siku hizi Maputo, ikafika siku iliyofuata. Iliwakuta hai kama 190. Waliokufa walizidi 800.

U-156 yenyewe ilipata ukarabati, ikarudi Karibea. Tarehe 8 Machi 1943 ndege ya Marekani aina ya Catalina iliikuta mashariki mwa Barbados ikaizamisha. Wamarekani waliona wanaume wasiopungua 11 wakielea, wakawarushia boti la mpira na chakula. Meli iliyotumwa kuwatafuta haikuwapata, na wote 53 wa U-156 walipotea, Hartenstein akiwa mmoja wao. Schacht na U-507 yake walikuwa wamekwisha kufa Januari. U-506 ilizamishwa Julai. Ndani ya mwaka mmoja hakuna nyambizi ya Kijerumani iliyoshiriki uokoaji ule iliyobaki.

Baada ya vita Dönitz alisimamishwa kizimbani Nuremberg, na Amri ya Laconia ikasomwa dhidi yake. Mahakama iliikemea kwa maneno makali, lakini haikumwongezea kifungo kwa makosa ya vita vya nyambizi, kwa sababu ilithibitika kwamba Uingereza na Marekani nao walizamisha meli bila onyo. Admirali Nimitz wa Marekani mwenyewe alieleza kwa maandishi kwamba ndivyo walivyofanya Pasifiki. Dönitz alifungwa miaka 10 kwa makosa mengine. Richardson aliendelea na jeshi na akafika cheo cha brigedia jenerali.

Inabaki hesabu. Katika watu zaidi ya 2,700 wa Laconia, waliookoka ni kama 1,100. Waliokufa ni zaidi ya 1,600, na kati yao zaidi ya 1,400 walikuwa mateka wa Kiitaliano. Wachache kati yao waliuawa na bomu la tarehe 16. Waliobaki walikufa usiku wa kwanza na siku chache zilizofuata, kwa topido, kwa maji, kwa singe na kwa kukosa nafasi katika mashua zilizokuwa na nafasi. Kwa bomu pameandikwa vitabu, pamefanywa mijadala ya sheria na tamthilia. Kwa kuwaacha watu wamefungiwa katika meli inayozama, hakuna mtu wa upande wowote aliyewahi kufikishwa mahakamani.